Michungwa ya Gitambi Iliyogeuka Milimau

Siku ya kuniaga hapo kitaluni mlinipa saa ya ukutani na kuku wawili, mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi. Saa inakwenda. Kuku mmoja ameanza kutaga. Kwa hiyo nimekaa mezani kutimiza upande wangu, nikimshukuru Mungu aliyeniachia macho ya kuandika na magoti yaliyovumilia miaka yote ile ya kuinama, ingawa la kushoto lina malalamiko yake. Vyeo na mishahara sitaviandika. Viko kwenye faili, na faili haziendi popote. Nitaandika juu ya michungwa, juu ya mwanamke aliyenifundisha kuiunga, na juu ya karatasi niliyoitia sahihi kabla sijainama vya kutosha. Karatasi hiyo ilimfukuza mtu kazini na kulichafua jina lake pande zote mbili za mto.

Nililelewa Bukavu, upande wa Kongo, mtaa wa Kadutu, nikiwa mtoto wa wazazi Wanyarwanda. Tuliporudi huku Rwanda nilikuwa mtu mzima mwenye mke, watoto wawili, cheti cha shule ya misheni na ujuzi mmoja tu, wa kuuza chumvi. Kitalu kilichoniajiri kilikuwa bondeni chini ya Kamembe, palepale kilipo leo, na ndege ilipokuwa inashuka uwanjani tuliona magurudumu yake yakitoka tumboni. Asubuhi ya kwanza nilivaa shati jeupe. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, mbele ya mstari wa miche, kisu mkononi. Hakuinua kichwa.

"Weye njo banakutuma utuchunge?" akauliza.

"Apana, Maman. Nimekuya kutumika."

"Kutumika na shemise ya communion?"

"Sina ingine ya muzuri."

"Basi ikae chini. Itakuwa ya kazi mbele ya saa sita."

Ndivyo nilivyomjua Maman Nsimire. Alikuwa Mshi, kabila la upande wa Bukavu, mjane, na kila asubuhi alivuka daraja la mpakani kutoka Bukavu kwa miguu. Ufundi aliupata kwa baba yake, aliyekuwa mtunza bustani ya mapadri. Kwa mwezi mzima aliamini kwamba ofisi imenileta nimchunguze, na alinifundisha hivyo hivyo, kama mtu anayemfundisha mpelelezi: kila kitu kwa usahihi, na hakuna neno la ziada. Sijutii. Sijapata mwalimu mwingine aliyenipa mafunzo safi kuliko yale.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kushuku. Mche wa mchungwa na mche wa mlimau ikiwa midogo inafanana kama watoto wa mama mmoja, na anayekuuzia anaweza kukudanganya kwa miaka minne kabla tunda halijasema ukweli. Basi shuku. Tazama kikonyo cha jani: mchungwa una vibawa viwili vyembamba pembeni, mbalungi una vibawa vipana, mlimau hauna au unavyo vya kutafuta. Tazama chipukizi: la mlimau huja na wekundu wa zambarau, la mchungwa huja kijani. Kisha fikicha jani unuse. Maman Nsimire alinifunga macho kwa kitenge na kunipa majani kumi na mawili. Nilikosea matano. "Bule kabisa," akasema, akaendelea na kazi.

Miche ya chini, ile inayobeba, tuliipata kwenye mlimau mwitu unaoota wenyewe kwenye makorongo yanayoshukia mto Rusizi. Mnaujua: miiba mirefu, tunda kubwa lenye ngozi ya mikunjo kama uso wa mzee, maji machachu ya kufunga meno. Watu huuita mti wa asili. Mtaalamu mmoja wa kupita alituambia kwamba si wa asili hata kidogo, kwamba mababu zake walitoka Asia. Maman Nsimire alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Hata miye hapa banasema natoka mbali. Lakini niko natumika." Mtaalamu aliandika kitu kwenye daftari. Sikujua ni kitu gani.

Tulikusanya malimau yaliyoiva na kuanguka, tukakamua mbegu, tukaziosha kwa majivu ili utelezi utoke, tukazikausha kivulini. Usiziache juani, usiziweke wiki mbili; mbegu ya limau ikikauka sana imekufa, na haitakuambia. Mche ukifikia unene wa kalamu ya risasi, unaupasua ganda kwa alama kama msalaba uliokatwa kichwa, unachomeka jicho, yaani chipukizi lisilofunguka, lililotolewa kwenye tawi la mchungwa mtamu, unafunga. Baada ya wiki tatu unafungua. Jicho likiwa kijani, shukuru, kisha ukate mlimau juu yake ili jicho ndilo liwe mti. Likiwa kahawia, anza upya upande wa pili na usimlaumu mtu.

Kisu kilipanguswa kwa pombe kali kila baada ya mche, ili ugonjwa usihame. Mimi, mzee wa kanisa, niliibeba chupa hiyo mfukoni mwa koti na kunuka pombe njia nzima hadi nyumbani. Mke wangu alinishuku mwezi mzima. Aliniamini siku alipokuja kitaluni mwenyewe, bila kuniarifu, akasimama nyuma ya uzio wa mianzi na kutazama.

Kanuni moja ya Maman Nsimire ilikuwa yake peke yake. Mafundi wengine waliunga jicho chini, karibu na udongo, kwa sababu kule ganda ni laini. Yeye aliunga juu, kidogo tu chini ya goti. Mvua zetu, alisema, zinarusha tope, na tope likifika kwenye ganda la mchungwa mtamu linaleta ule ugonjwa wa kutoa gundi. Shina linaoza kiunoni na mti unakufa umesimama. Mlimau mwitu unastahimili kidogo zaidi. Basi mlimau upewe tope, mchungwa upewe hewa. Kumbukeni urefu huo, maana shauri lote linaning'inia hapo.

Kwa kufungia alitumia vipande vya mifuko ya plastiki alivyokuja navyo kutoka Bukavu. Nchi yetu ilipoikataza mifuko hiyo, mpakani walimkuta na vipande hivyo vimekunjwa vizuri ndani ya kitambaa. Alieleza habari za macho ya michungwa. Fikirieni mtu anayemweleza askari wa mpaka habari za macho ya michungwa saa kumi na mbili asubuhi. Walivichukua, wakamwachia aende. Tangu hapo tulifungia kwa nyuzi za mgomba zilizolowekwa na kwa mipira ya baiskeli iliyochanwa, na tangu hapo mfuko wake ulipekuliwa kila siku. Watu wakiona mtu anapekuliwa kila siku, baada ya muda wanaanza kuamini kwamba kuna kitu. Nasema watu. Nilikuwa mmoja wao.

Gitambi, upande wetu wa mpaka, iliingia maishani mwetu wakati huo. Wakulima wa kahawa wa huko walijiunga, wakang'oa migomba kwenye vipande vyao, na kuagiza miche ya michungwa mitamu. Kiongozi wao alikuwa Papa Viateur, mtu mrefu, mkulima safi, ambaye kahawa yake ilitandazwa nyasi hadi huoni udongo. Miche yote iliungwa na Maman Nsimire. Mimi niliipakia, mashina yakiwa yamevishwa majani ya mgomba, safari tatu za camionnette, gari dogo la mizigo, na nilimsikia akiwaambia wapokeaji, "Mutaingojea miaka ine. Musiikimbize." Walicheka, wakasema kahawa imewafundisha kungoja.

Ikapita miaka minne, ikapita mitano, na hatukusikia neno. Mwaka wa sita Papa Viateur aliingia ofisini na gunia begani, akaliinamisha juu ya meza. Yalimwagika malimau mwitu, makubwa, yenye mikunjo, mengine yakabingirika hadi chini ya kabati.

"Papa Daniel," akaniambia, "ona machungwa yenu."

Mkuu wa kitalu alichukua moja, akalikata, akalamba, akafumba jicho.

"Yote iko hivi?" akauliza.

"Yote. Tuling'oa migomba yetu juu ya hii. Tumengoja kama bajinga. Batoto yetu banatuuliza, papa, hii ndimu tutakula na nini?" Hakuwa anapiga kelele. "Tunataka kujua muntu mwenye alitucheza. Ule maman wa ng'ambo njo alitengeneza ile miti, ni kweli ao ni uongo?"

Ilikuwa kweli. Mkuu alisema twende tukaone. Siku hiyo hiyo, kabla hatujaondoka, nilifanya jambo ambalo sikulisimulia kwa mtu yeyote kwa miezi mingi. Maman Nsimire alikwenda kuchota maji mtoni, na mimi nikaufungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na chakula chake, kitambaa cha kisu, na chini kabisa, vikiwa vimefungwa kwenye jani la mgomba, vijiti vitano vya mti nisioujua. Vilikuwa na miiba miwili miwili, majani ya vipande vitatu juu ya kikonyo chenye mabawa mapana, na tunda moja dogo kuliko ndimu. Nilifikicha jani. Harufu ilikuwa ya jamaa ya michungwa, lakini kali, ya porini. Nikajiambia, kumbe. Analeta miti ya pori kwa siri na kutuungia sisi. Niliufunga mfuko kama ulivyokuwa. Aliporudi na ndoo alinitazama kidogo zaidi ya kawaida, au labda nilidhani hivyo.

Gitambi tulikwenda watatu: mkuu, Papa Viateur na mimi. Nilikuwa nimefundishwa vizuri, na nilifanya kila nilichofundishwa. Majani: mlimau. Chipukizi: zambarau. Tunda: hakuna la kujadili. Kisha nikatafuta kovu. Mti uliounganishwa hauwezi kuficha kovu lake. Hata mti mzee una mkanda pale ganda moja linapokutana na lingine, moja korofi na moja laini. Nilitafuta chini ya goti, mti wa kwanza, wa pili, wa kumi. Ganda lilikuwa moja tu kutoka matawini hadi kwenye nyasi zilizotandazwa. Hapakuwa na kovu. Hapakuwahi kuungwa kitu, nilifikiri. Alipokea kazi, akaacha milimau mwitu ikue yenyewe, akawapa watu wa Gitambi.

Mkuu aliandika karatasi. Mimi, kama shahidi mwenye ujuzi, nilitia sahihi.

Walimwita ofisini siku iliyofuata. Alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole kilichokuwa na gundi ya majani.

"Nani alitafuta kovu?"

"Ni miye, Maman," nikasema.

"Ulitafuta wapi?"

"Ku magoti. Pale unaungaka."

"Na ukakosa."

"Nilikosa."

Aliirudisha karatasi mezani. "Miye nilikufundisha kuangalia," akasema. "Kusinye makaratasi, sikukufundisha."

Hakulia. Alifunga kisu ndani ya kitambaa, akachukua kopo lake la rangi, na akaenda. Kibali chake cha kufanya kazi upande wetu kilifutwa. Habari huvuka daraja lile haraka kuliko watu. Sokoni Kamembe wanawake waliokuwa wakinunua miche yake ya nyanya walianza kuuliza, "Haitageuka pilipili?" na kucheka. Upande wa Bukavu walimwita Maman Ndimu. Nilisikia hayo na kujiambia kwamba haki ina machungu yake. Mzee wa kanisa ana maneno ya namna hiyo tayari kila wakati, na mimi nilikuwa nayo mengi.

Kitaluni hatukupata amani. Kila mmoja alimtazama mwenzake mikononi. Tulianza kutia alama kwenye miche, kisha kumtilia shaka anayetia alama. Nilifunga kabati la visu na kutembea na ufunguo. Siku moja nilijikuta nikinusa majani ya miche niliyoiunga mwenyewe, kama vile hata mimi ningeweza kujidanganya.

Miezi minane baadaye kanisa lilinituma kuwatembelea waumini wa Gitambi Jumapili moja. Baada ya ibada mama mmoja mzee, Maman Verediana, alinikaribisha nyumbani kwake, akanipa chungwa. Sikulitamani, jina la Gitambi na machungwa vilikuwa vimenichosha. Nililimenya kwa adabu. Lilikuwa tamu, lenye maji, ganda jembamba. Niliijua ladha ile. Ilikuwa ya mchungwa wa bustani aliyoitunza baba yake Maman Nsimire, ambao macho yake tuliyaunga kitaluni miaka mingi.

"Maman, hii ulinunua wapi?"

"Kununua? Iko ku muti wangu, pale nyuma ya jiko, njo inaanza kuzaa."

"Na muti ulitoka wapi?"

"Kwenu. Siku ile ya camionnette nilisaidia kupakua, Papa Viateur akanipa mumoja."

Nilikwenda nyuma ya jiko. Mti ulisimama pale, na kidogo chini ya goti palikuwa na kovu, mkanda safi kama pete. Miche ile ile, gari lile lile, mikono ile ile. Nilisimama na chungwa nusu mkononi.

"Juu ya nini yako iko tamu na yabo iko ndimu?"

"Nitajua je, Papa? Pengine ni ju sikuikata."

"Kuikata?"

"Benyewe balikata yabo yote. Miye sina kahawa, sina musumeno, niko na mbuzi mbili tu. Nikaiacha."

Sikumaliza kumsikiliza. Nilishuka hadi shamba la Papa Viateur nikiwa na suruali ya Jumapili, nikapiga magoti kwenye mti wa kwanza, na nikafanya kile ambacho ningepaswa kufanya miezi minane nyuma: nikaondoa nyasi. Zilikuwa nyingi, tabaka juu ya tabaka, nzuri, zinavyotandazwa kwenye kahawa. Chini yake, kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini, palikuwa na kisiki cha zamani kilichokatwa mshazari ili mvua iteleze, kikiwa kimezibwa na ganda jipya. Na ubavuni mwa kisiki, chini ya mkato, ndipo mti wote niliouona ulipotokea.

"Papa Daniel," sauti ikasema nyuma yangu, "unatafuta nini mu nyasi yangu siku ya Mungu?"

"Nani alikata hapa?"

"Ni miye." Papa Viateur alisema kwa fahari kidogo. "Ilikuwa miembamba sana, mwaka wa pili, imesimama kama muntu wa kutoka hospitali. Tukaisazura pamoja na kahawa, siku moja. Na iliamka na nguvu, ungeiona."

Kusazura, kwa wasiojua, ni kuukata mkahawa uliochoka karibu na ardhi ili utoe machipukizi mapya. Mkahawa ni mmoja juu hadi chini, kwa hiyo unaamka mkahawa. Kila mtu Gitambi anajua kufanya hivyo, na wanafanya vizuri sana.

"Juu ya nini hamukutuambia?"

"Hakuna mwenye aliuliza. Kukata muti njo habari ya kusema?"

Nilimwonyesha kwa mkono. Hapa, karibu na goti, ndipo mchungwa ulipoanzia. Chini ya hapo ni mlimau. Msumeno wako umepita huku chini, kwenye mlimau. Aliangalia mkono wangu, akaangalia kisiki, akavua kofia.

"Basi machungwa tuliitupa," akasema taratibu, "tukalea ndimu."

"Ndiyo."

"Kuni zake tulipikia." Akapapasa kisiki. Kisha akasema, "Na ule maman?"

Jumatatu nilimweleza mkuu. Alisikitika kwa kweli, na akaandika barua nyingine ya kufuta ile ya kwanza. Niliomba niipeleke mwenyewe. Nilivuka daraja na kupanda hadi kwa Maman Nsimire, nyumba ya mbao kwenye mteremko, na mbele yake mistari ya makopo yenye miche iliyokuwa imekua kupita kiasi kwa kukosa mnunuzi. Nilimweleza yote, kisiki, nyasi, msumeno. Hakuonyesha mshangao.

"Kahawa," akasema. "Haikunifika mu kichwa. Kwetu kule hatukatake hivyo." Kisha akauliza, "Na mufuko wangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, si kwa hilo.

"Niliufungua," nikasema.

"Najua. Ulifunga ile jani kwa kushoto. Miye nafungaka kwa kuume." Alinyanyua kopo moja na kunionyesha mche wenye miiba miwili miwili. Ni ndugu wa porini wa michungwa, alinieleza, mzaliwa hasa wa misitu yetu, si mgeni kama limau. Mjomba wake alimletea kutoka pembezoni mwa msitu wa upande wao. Jina alilitaja kwa Kimashi, nami sikuweza kulitamka wakati huo wala sasa. Mizizi yake haiogopi ule ugonjwa wa gundi, aliamini, na alikuwa anajaribu kuunga mchungwa juu yake. Hakutuambia kwa sababu jaribio lisilofaulu ni la fundi mwenyewe, na likifaulu ndipo lionekane.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ningeuliza."

Nilimpa barua. Aliisoma, kwa kidole kile kile, akanirudishia.

"Hii ni ya batu babili, weye na mukubwa yako. Jina yangu haikuharibikia mu barua. Iliharibikia Gitambi, mbele ya batu bote. Ikatengenezwe kule."

Kabla sijamaliza, niseme la kazi, maana mliniomba la kazi. Miti ya Gitambi haikung'olewa. Mlimau wenye nguvu ni mbebaji mzuri. Tuliacha matawi machache kila mti, na Maman Nsimire aliyaunga macho upya, kwa malipo aliyoyataja yeye na hakuna aliyethubutu kuyapunguza. Leo mnakula machungwa yake sokoni Kamembe bila kujua. Jaribio lake la mti wa porini lilishika kwa miche mitatu. Miwili ilikufa, mmoja uko nyuma ya tangi la maji, unakua polepole sana, na naomba msiukate. Mkipeleka miche mahali, ulizeni kwanza watu wa pale wamezoea kulima nini, kwa sababu mikono yao itaufanyia mti wenu yale inayoyajua. Na mkimshuku mtu, shukuni kwa magoti: inameni, ondoeni nyasi, mwone mti mzima kabla ya kuandika.

Siku ya kulitengeneza jina lake, kabla miti haijaungwa upya, watu walikusanyika Gitambi ndani ya banda la kupokelea kahawa, kwenye mabenchi tuliyoazima kanisani. Walijaa, hata wasiokuwa na mti mmoja. Maman Nsimire aliketi mbele, pembeni, kitenge kipya, mikono mapajani. Papa Viateur alisema kwanza, kwa ufupi, kofia mkononi: msumeno ulikuwa wake, wazo lilikuwa lake, na alimwita mwizi mtu aliyempa kazi njema. Aliketi.

Nikasimama mimi. Nimezoea kusimama mbele za watu. Nilianza kwa kumshukuru Mungu aliyetukusanya, nikasema juu ya udhaifu wa mwanadamu, nikaeleza tofauti ya mkahawa na mchungwa kwa mifano mizuri, na watu wakaitikia kwa vichwa. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Mwishowe nilifika mahali pa kusema kwamba mimi ndiye niliyetia sahihi, kwamba sikuondoa nyasi, kwamba nilifungua mfuko wa mwenzangu, na kwamba mwanamke huyu hakufanya kosa lolote. Nililisema. Nilitazama chini kidogo wakati nikilisema.

Maman Nsimire hakugeuka.

"Rudia, Papa Daniel," akasema. "Bale ba nyuma habakusikia."

Nikainua kichwa, nikarudia.